Mtoto kawekewa kifaa cha kupanua kaakaa: jinsi ya kuvuka zile siku za mwanzo

Hii naiandikia mzazi ambaye leo au jana kaambiwa na daktari wa kupanga meno kwamba taya la juu la mtoto ni jembamba, meno ya ukubwani yanakosa pa kukaa au yanang'atana kinyume, kwa hiyo atawekewa kile kifaa cha chuma kinachokaa juu kwenye kaakaa na mzazi ndo anakizungusha kwa ufunguo nyumbani. Ukifika hapo kwenye "ufunguo" tumbo linakukata, najua, binti yangu alikuwa na miaka 8 na siku ile tunatoka kliniki yeye ndo alikuwa ananiuliza mimi kama niko sawa.

Kwanza ujue kinachofanyika mle ndani maana mtoto atakuuliza na ukibabaika anakushtukia. Taya la juu la mtoto si mfupa mmoja, ni vipande viwili vimekutana katikati ya kaakaa kwenye mshono, na huo mshono utotoni bado haujashikana sawasawa, unakuja kukaza baadaye kwenye ujana. Ndo maana wanapenda kuwahi. Kifaa kinashikizwa kwenye magego ya pande zote mbili, katikati kina skrubu, kila ukizungusha mara moja kinaachia kama milimita 0.25 hivi, yaani robo ya milimita, vile vipande vinasogea kidogo kidogo na mfupa mpya unajaa pale katikati. Wala si mambo ya juzi, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Emerson Angell aliandika habari za kifaa cha skrubu kama hicho mwaka 1860. Hiyo mimi ilinituliza kuliko maneno yote ya kliniki, kwamba watu wameshazungusha sana hizi skrubu kabla yangu.

Hatua ya kwanza: mwambie ukweli, na umwambie kabla

Usimwambie haiumi. Hili ndo kosa kubwa kuliko yote, kuliko hata kukosea ufunguo, kwa sababu kifaa kinakaa miezi na wewe ndo utakuwa unaingiza mkono mdomoni mwake kila siku, sasa ukimdanganya siku ya kwanza hizo siku nyingine utamfungua mdomo kwa vita. Mwambie hivi hivi: kukiweka hakuumi ila kunachosha mdomo, kuzungusha kunabana kwa dakika chache halafu kunapoa, meno yanaweza kuuma uma siku mbili tatu za mwanzo, na kuongea kutakuwa kwa ajabu ajabu kidogo.

Mfanyie na zoezi. Mwambie abandike ulimi juu kwenye kaakaa, aukaze hapohapo, halafu ataje jina lake na majina ya watu wote wa nyumbani. Atacheka, na wewe fanya hivyohivyo. Hapo umeshamwonyesha kitu kikubwa, kwamba ulimi ukikosa nafasi yake maneno yanapinda, na kwamba hilo ni la kuchekea tu.

Usianze kumweleza wiki tatu kabla, mtoto mdogo akipewa muda mrefu anatengeneza jini lake mwenyewe kichwani. Siku tatu nne zinatosha.

Hatua ya pili: andaa vitu kabla hamjaondoka nyumbani

Mkirudi hutakuwa na nguvu ya kutafuta kitu. Mimi nilivyohitaji kweli ni hivi: nta ya meno (kliniki huwa wanatoa, omba ya ziada), mswaki laini, zile brashi nyembamba za kupitisha katikati ya meno, sirinji ya plastiki isiyo na sindano ya kusukumia maji, kioo kidogo, tochi ya kuvaa kichwani, na chakula laini cha siku tatu. Tochi ya kichwani usiidharau, nilianza na tochi ya simu nikagundua nahitaji mikono mitatu.

Ufunguo wenyewe uangalie. Kama ni kile kiwaya kidogo kisicho na mpini, funga uzi mrefu na imara kwenye mwisho wake, na uzi uzungushe kwenye kidole chako kila unapotumia, maana mate yanautelezesha na ukidondoka unadondokea ulimini, na ulimi wa mtoto aliyelala chali unapeleka vitu sehemu moja tu. Na uombe ufunguo wa pili. Huu mmoja utapotea, usijidanganye.

Hatua ya tatu: siku yenyewe na usiku wake

Ikiwezekana mpe chakula cha kushiba kabla ya kwenda, cha kutafuna kweli, maana baada ya hapo itachukua muda.

Akishawekewa tegemea mate. Mengi. Mdomo unadhani kimeingia chakula kwa hiyo unamwaga mate, mtoto anatokwa udenda kama mtoto mchanga na anaona aibu. Mpe kitambaa chake, mwambie mwili utazoea wenyewe na kweli unazoea, ndani ya siku chache tu. Kunywa maji ya baridi kidogo kidogo kunasaidia ajifunze kumeza upya, kwa sababu kumeza ndo shida hasa siku ya kwanza, watu wanafikiria maumivu kumbe ni kumeza. Ulimi ulikuwa unasukuma chakula kwenye kaakaa, sasa kaakaa limewekwa chuma.

Binti yangu usiku ule alikaa na kipande cha yai mdomoni, kidogo tu, kwa muda mrefu sana, machozi yanashuka kimyakimya, hawezi kumeza hataki kutema. Nikamwambia tema, hapa kwenye mkono wangu. Akatema. Tukaanza upya na supu, tena kijiko kidogo cha chai, nikamwambia ainamishe kichwa mbele kidogo akimeza badala ya kukirudisha nyuma, ikapita. Baada ya hapo kila chakula nilikuwa naweka bakuli la kutemea mezani bila maneno, na kwa sababu lilikuwepo hakulihitaji sana.

Vyakula vya siku hizo: supu, mtindi, viazi vya kuponda, mayai laini, ndizi, samaki asiye na miiba, chochote kinachopita kwenye blenda. Vitu vya baridi vinatuliza. Ukimpa kitu cha kutafuna kikate vipande vidogo kabisa na aweke kwenye magego, sio mbele. Marufuku mpaka kitoke: chingamu, pipi za kunata, karanga, bisi, barafu ya kutafuna. Hivyo vinang'oa kifaa, na kifaa kikilegea ni safari ya kliniki nje ya ratiba, sasa ukiwa na bosi mkali utaelewa kwa nini nimeandika marufuku.

Hatua ya nne: kuzungusha ufunguo

Hapa ndo penyewe. Mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi anasema daktari, wengine mara moja, wengine mara mbili, mara nyingi ni wiki kadhaa. Usitoke kliniki hujazungusha mwenyewe mara moja mbele yao. Usikubali kuonyeshwa tu, ukubali kushika.

Chagua muda mmoja usiobadilika. Wengi wanasema usiku kabla ya kulala, mimi nilijaribu nikaacha, mtoto alikuwa anakipeleka kile kibano kitandani anakitafakari gizani. Tukahamia baada ya chakula cha jioni, ameshapiga mswaki, na baada ya kuzungusha kuna kitu anachokipenda, hadithi au katuni moja. Kama daktari kakubali dawa ya maumivu kwa siku za mwanzo, mpe kama nusu saa mpaka saa moja kabla.

Sasa fanya hivi. Mlaze chali, kichwa juu ya mapaja yako, kidevu juu, afungue mdomo. Washa tochi. Tafuta kile kitundu kwenye skrubu, kiwe upande wa mbele, karibu na meno ya mbele. Ingiza ufunguo mpaka uhisi umekaa, sio umegusa tu. Sukuma kuelekea nyuma, kooni, polepole bila kusita, mpaka kitundu kinachofuata kionekane chote pale mbele pa mwanzo. Chote, sio nusu. Ukiona nusu hujamaliza. Halafu ndo utoe ufunguo kwa kuushusha chini na nyuma kuelekea ulimini, bila kuurudisha mbele hata kidogo. Kuna vifaa vimetengenezwa tofauti kidogo, kwa hiyo ukiona mshale au daktari kakuonyesha njia nyingine fuata hiyo.

Narudia hiyo ya kutoa kwa sababu usiku wa nne mimi mwenyewe nilijisahau. Nimezungusha vizuri kabisa, nikafurahi, nikachomoa ufunguo kwa kuuvuta mbele kama mtu anachomoa ufunguo wa mlango, skrubu ikarudi nayo. Kesho yake natafuta kitundu hakipo, naona chuma tupu, jasho linanitoka, mtoto kaacha mdomo wazi ananiangalia kwa chini. Nilikuwa nimekiacha katikati, kitundu cha mbele hakionekani na cha nyuma kimejificha. Nikapiga simu kliniki, wakanielekeza niingize ufunguo kwa upande wa nyuma nimalizie kusukuma, ikakubali. Ikikutokea usilazimishe na usichokonoe chokonoe, piga simu.

Ukisahau siku moja usizungushe mara mbili kesho kufidia, mpaka daktari aseme. Andika kila mzunguko kwenye chati ya ukutani, tarehe na saa, maana kama mnazungusha wawili, baba na mama, bila chati lazima siku moja mtazungusha wote au msizungushe kabisa na kila mmoja anaapa ni mwenzake.

Na mpe mtoto kazi. Hii ndo siri yangu kama kuna siri. Mtoto haogopi sana maumivu, anaogopa kufanyiwa kitu akiwa hana kauli. Mpe kioo aangalie, akitaka. Yeye ndo anahesabu, akifika tano ndo unasukuma, kabla ya hapo husukumi hata kama ufunguo umekaa vizuri kiasi gani. Mkubaliane akiinua mkono unasimama, na akiinua usimame kweli, hata kama unajua anakujaribu. Atakujaribu mara mbili mara ya tatu ataacha. Binti yangu alikuwa anahesabu moja, mbili, mbili na nusu, mbili na robo tatu... nikamwacha. Siku ya sita alihesabu haraka kunizidi, akataka amalize aende zake.

Zawadi iwe stika kwenye chati, sio pipi, kwa sababu zinazojulikana.

Mtoto anayetapika tapika ukigusa nyuma, mwambie apumue kwa pua na aimbe mmmm, akiwa anaimba ile kichefuchefu inapungua. Na huyo usimzungushie ufunguo mara tu baada ya kula.

Baada ya kusukuma atasema inabana, na mahali atakapoonyesha patakushangaza. Wa kwangu alishika katikati ya macho, "Mama imenibana hapa", nikadhani nimevunja kitu. Kumbe kawaida, taya la juu limeshikana na mifupa ya pua, presha inaweza kusikika puani, mashavuni, chini ya macho. Inapita ndani ya dakika chache. Kama inazidi kuwa mbaya siku hadi siku badala ya kupungua hapo simamisha uulize.

Hatua ya tano: maumivu na vidonda

Parasetamo ya watoto kwa kipimo cha uzito wake, soma chupa, usikadirie kwa kijiko cha jikoni. Aspirini usimpe mtoto, inahusishwa na ugonjwa wa Reye ambao ni hatari. Usimpe dawa kila siku kwa mazoea, zikipita siku tatu nne za mwanzo wengi hawahitaji tena.

Chuma kikikwaruza shavu au ulimi, kausha hapo kwa kitambaa safi, kata nta kidogo, ifinyange ilainike, ibandike. Ukiibandika pakiwa na mate haikai, ndo maana watu wanasema nta haifanyi kazi. Akiimeza kwa bahati mbaya sio kitu cha kukimbiza mtoto hospitali. Maji ya chumvi pia, nusu kijiko cha chai kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, asukutue ateme, kama ana umri wa kujua kutema. Ulimini mnaweza kuona alama ya kifaa imejichora, kama muhuri. Haina shida, itafutika kikitoka.

Hatua ya sita: usafi

Chakula kinaingia kati ya kifaa na kaakaa kinakaa huko, kisipotolewa kinanuka na fizi zinavimba. Baada ya kila mlo asukutue kwa nguvu, halafu wewe jaza maji ya uvuguvugu kwenye sirinji upulizie kutoka pembeni, kichwa kiwe mbele juu ya sinki, sio nyuma, usimnyweshe kwa lazima. Asubuhi na usiku mswaki wa kawaida na dawa yenye floraidi, na zile brashi nyembamba kuzunguka mikanda ya magego. Mtoto wa miaka 7 au 8 hawezi hii kazi peke yake hata kama anasema anaweza. Mwache aanze, wewe umalizie.

Hatua ya saba: kuongea, na shule

Atakuwa na kithembe. Herufi s, z, sh na t zitampa tabu, wiki moja hivi kwa wengi, wengine zaidi kidogo. Dawa yake ni kuongea tu, na kusoma kwa sauti, dakika kumi kila siku kitabu anachokipenda, polepole. Tukawa na mashindano ya "sisimizi sita wamesimama", nani atasema bila kutema mate. Nilishindwa mimi nisiye na chuma.

Usimsahihishe kila neno na msimwigize, hasa kaka na dada zake, wawekee onyo mapema. Mwalimu mwambie kabla, kwa ujumbe mfupi tu: ana kifaa mdomoni, ataongea tofauti kwa siku kadhaa, asiitwe kusoma mbele ya darasa wiki hii kama hataki, aruhusiwe kwenda kusukutua baada ya kula. Na mtoto mpe jibu moja fupi la kuwajibu wenzake, tena alichague mwenyewe. Wa kwangu alichagua "nina mashine ya kupanua kichwa", nikataka kumsahihisha nikajizuia. Ilifanya kazi vizuri kuliko maelezo yangu yote, walikuja kumwomba awafungulie mdomo waone.

Kama anacheza michezo ya kugongana muulize daktari kuhusu kinga ya meno, zile za kawaida zinaweza zisikae vizuri juu ya kifaa.

Mwanya, na mambo ya kupigia simu

Baada ya siku kadhaa meno mawili ya mbele yataanza kuachana, mwanya unakua kila siku. Usishtuke na mwambie mtoto kabla haujatokea, maana akiuona kwenye kioo bila taarifa atadhani meno yanakimbia. Ndo dalili kwamba mshono unafunguka. Ukiacha kuzungusha, meno yenyewe yanarudi kusogeleana taratibu.

Piga simu siku hiyohiyo kama kifaa kimelegea au kinacheza, kama ufunguo haugeuki kabisa, kama fizi au kaakaa limevimba au linatoa usaha, kama maumivu hayatulii kwa dawa. Kikilegea acheni kuzungusha kwanza. Akimeza ufunguo au kipande cha kifaa ni hospitali, na akiwa anakohoa, anakoroma au anapumua kwa shida ni dharura, hapo huulizi mtu.

Kwa wale wenye kifaa cha kuvaa na kuvua mambo mengi ni hayohayo ila adui yenu ni kusahau. Kiwe na kopo lake na kikitoka mdomoni kinaingia kwenye kopo, sio kwenye tishu, tishu zinatupwa. Kisafishwe kwa maji ya kawaida sio ya moto, ya moto yanaipinda plastiki.

Ukimaliza kuzungusha kifaa hakitoki. Hapa watoto wengi wanavunjika moyo kwa sababu hawakuambiwa. Kinabaki kama miezi sita hivi, bila kuzungushwa, mfupa ujae na kukomaa, la sivyo taya linarudi lilikotoka. Miezi hii ni rahisi, hakuna kinachouma, lakini usafi ndo unalegea na karanga zinaanza kurudi kinyemela, kwa hiyo jicho liwe hapo.

Siku ya kukitoa kaakaa litakuwa jekundu na harufu ipo, vinaisha baada ya siku chache. Maneno yanaweza kuyumba tena kidogo kwa sababu ulimi umepewa nyumba kubwa. Na muulize daktari mapema kama siku hiyohiyo anawekewa kifaa kingine cha kushikilia, umwambie mtoto. Mimi sikuuliza. Binti yangu alikuwa ameshajiandaa kwa mdomo mtupu, pakiti ya karanga ipo kwenye mkoba kabisa, akatoka na kingine cha plastiki, na alininunia mpaka kesho yake mchana.